Maswali Yenu: Siko Seli, Miezi ya Kwanza ya Mtoto na Protini Yenye Vidole

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu kwamba siko seli huchelewa kujionyesha kwa mtoto mchanga, na kwamba kuna protini yenye vidole vya zinki inayohusika kuifunga jeni ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto akiwa bado tumboni. Sentensi mbili hazikutosha, meseji zimemiminika mpaka leo, kwaiyo ukurasa wote wa safari hii ni wa hilo. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya siko seli na mdogo wangu wa kike tangu tuko watoto, hili jambo lipo karibu na moyo wangu, mtanivumilia nikirefusha.

SWALI: Habari yako dada. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume, miezi minne, niko Mwanza. Alipimwa alipozaliwa, karatasi imeandikwa FS, nikaambiwa ana siko seli. Lakini mtoto mnene, anacheka, hajalazwa hata siku moja. Mama mkwe anasema maabara wamekosea na nisijisumbue tena na kliniki. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mama, na hongera kwa mtoto. Maabara hawajakosea. Hiyo F kwenye karatasi ni hemoglobini ya mtoto wa tumboni, na S ni ile ya siko seli, na ukiangalia utaona A haipo, maana yake mwili wake hautengenezi ile ya kawaida ya mtu mzima. Kinachomfanya anawiri sasa hivi ni hiyo F. Mtoto anazaliwa zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ikiwa ni F, na F haina lile kosa, kwa sababu inatengenezwa na jeni nyingine kabisa inayoitwa gama, wakati kosa la siko seli liko kwenye jeni ya beta, herufi moja tu ya DNA, A imekuwa T.

Hemoglobini S ikishaachia oksijeni zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, seli inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, ndo yale maumivu. F haijiungi kwenye huo uzi, ikiwepo ya kutosha uzi unakatika njiani. Daktari mmoja wa watoto huko New York, Janet Watson, aliliona hili tangu 1948, kwamba watoto wachanga wenye siko seli hawaugui mapema na huenda ni kwa sababu ya hiyo damu ya tumboni. Sasa baada ya kuzaliwa gama inaanza kufungwa taratibu na beta inashika nafasi, na kuanzia kama miezi sita hivi ndo mama anaona vidole vya mikono na miguu vya mtoto vimevimba na mtoto analia ukimgusa, wengi hapo ndo mara ya kwanza wanajua.

Wewe umejua mapema, na hiyo ni bahati kubwa sana. Usiache kliniki. Aendelee na penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano kama walivyokuelekeza, alale kwenye neti na apate kinga ya malaria, chanjo zote, na homa yoyote ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Waombe wakufundishe kupapasa bandama. Na mkwe wako umwambie kwa heshima kwamba hata kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja kinaweza kutoka hasi kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu hiyohiyo ya F nyingi, wakati yeye anao ugonjwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili baiolojia, Dodoma. Uliandika BCL11A inazima jeni ya gama na ina vidole vya zinki. Darasani tumefundishwa KLF1 inawasha jeni ya beta na yenyewe ina vidole vya zinki, tena vya aina ileile. Je kuna vidole vya kuzima na vidole vya kuwasha? Nimeshindwa kuelewa promota inajuaje huyu ni wa kufunga au wa kufungua.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimelipenda swali lako kuliko yote, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu watu wengi hata waliomaliza chuo wanakwama hapohapo.

Hakuna kidole cha kuzima wala cha kuwasha. Kidole kazi yake kubwa ni kusoma anwani. Hivi vidole vilijulikana 1985, Aaron Klug, yule aliyekulia Durban akaenda kufanya kazi Cambridge, na wenzake walikuwa wanachunguza protini inaitwa TFIIIA kutoka kwenye mayai ya Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika, wakaona mnyororo wake unajirudia mara 9, kila kipande amino asidi (matofali yanayojenga protini) kama 30, na kila kipande kina sistini mbili na histidini mbili zimeishika zinki moja katikati. Ukitaka picha fikiria fundo la kanga kifuani, kitambaa chenyewe ni laini kinateleza lakini fundo likikaa kanga yote inashika umbo. Zinki ndo fundo. Bila hiyo kipande kinakuwa kamba tu isiyo na sura. Kikishajikunja sawasawa, upande wake uliojisokota unaingia kwenye mfereji wa DNA na kugusa herufi kama tatu hivi, kidole cha pili kinagusa tatu zinazofuata, kwaiyo vidole vikipangwa mfululizo vinasoma anwani ndefu. Binadamu tuna zaidi ya jeni 700 za protini za namna hii, ni familia kubwa kuliko zote kati ya protini zinazoongoza usomaji wa jeni.

Haya, twende kwenye promota ya gama, yaani ule mlango wa mbele wa jeni ambapo mashine ya kunakili inatua. BCL11A kwa vidole vyake vya 4, 5 na 6 inatafuta maneno TGACCA, na inayapata kama herufi 115 kabla ya mwanzo wa jeni. Kisha sogeza macho mbele kidogo, herufi kama 25 hivi kuelekea kwenye jeni, kuna sehemu inayosomeka CCAAT ambayo ni ya protini nyingine, NF-Y, na huyu NF-Y ndo mwashaji wa gama. Nafasi ni finyu. Ni kama machinga wawili na kona moja, aliyewahi kutandika turubai ndo anauza siku hiyo. BCL11A ikiwa nyingi inakaa pale na NF-Y hapati pa kukaa, BCL11A ikipungua NF-Y anarudi na gama inawaka. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuzima, kuziba nafasi tu.

Ya pili ni kuleta watu. Sehemu nyingine za mwili wa BCL11A, mbali na vile vidole vitatu, zinashikana na kundi la protini linaloitwa NuRD, na ndani ya NuRD kuna vimeng'enya vinavyobandua asetili, alama ndogo ya kemikali, kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejiviringisha juu yake. Histoni zikikosa asetili DNA inajiviringisha kwa kubana, kama jora la kitambaa lililokunjwa likarudishwa juu ya shelfu, fundi hawezi kukata kitu hapo mpaka mtu alishushe alikunjue. KLF1 anafanya kinyume: ana vidole vitatu, vinatafuta maneno ya aina ya CACCC kwenye promota ya beta, na sehemu yake iliyobaki inawaita wale wa kubandika asetili na kulegeza histoni. Umeona sasa, vidole vya huyu na vya yule ukivitazama vimefanana, ila aliowaleta nyuma yake hawafanani hata kidogo.

Ushahidi mzuri tunaupata kwa watu ambao kosa lao limewasaidia. Wapo watu ambao gama haikufungwa utotoni, wanaishi na F nyingi mpaka uzee na hawana shida yoyote. Katika koo fulani za Kigiriki ilionekana herufi G nafasi ya 117 kabla ya jeni imekuwa A, basi, neno la BCL11A limeharibika hivyo vidole vinapita bila kulitambua. Na kuna nyingine iligunduliwa kwa Waingereza, nafasi ya 198, T imekuwa C. Eneo lile la karibu na 200 kwa kawaida ni la LRF, naye ni mzimaji mwenye vidole vya zinki, lakini hayo mabadiliko ya herufi moja yanatengeneza neno ambalo KLF1 analitambua, yule mwashaji wa beta anatua kwenye promota ya gama na kuiwasha. Mimi hili kila nikilifundisha linanisisimua, herufi moja na mlango uleule unabadilisha mwenyeji.

Alafu usije ukadhani kila protini ni ya upande mmoja maisha yote. GATA1 ana vidole viwili vya aina tofauti kidogo, zinki imeshikwa na sistini nne. Kidole cha pili ndo kinashika neno GATA kwenye DNA, cha kwanza kinamshika mwenzake anaitwa FOG1, na FOG1 huyo ana vidole vingi vya zinki vyake mwenyewe ila vinatumika kushika protini, DNA haishiki. Kwaiyo lile nililosema la anwani lina nyongeza, vidole vingine ni vya kushikana mikono. GATA1 akiwa na kundi la protini la TAL1 kwenye jeni za seli nyekundu anawasha, akiwa na FOG1 na NuRD kwenye jeni ya GATA2 anaizima, ni GATA1 yuleyule ndani ya seli ileile. Mwaka 2000 ilielezwa familia ambayo watoto wa kiume walikuwa na amino asidi moja tu imebadilika kwenye kidole cha kwanza cha GATA1, kile cha kumshika FOG1, wakawa na upungufu wa damu na chembe sahani chache mno. Alikuwa anaisoma DNA vizuri kabisa ila mkono wa kumshika mwenzake ulikuwa umelegea.

Moja la mwisho kwako, kwa sababu najua utaulizwa kwenye mtihani. KLF1 anawasha beta moja kwa moja, lakini pia anawasha jeni ya BCL11A, na BCL11A ndo inazima gama. Kwaiyo mwashaji anasababisha uzimaji kwa kupitia mtu wa kati. Familia moja ya Malta iliyoripotiwa 2010 ilikuwa na kopi moja ya KLF1 iliyovunjika, BCL11A ikapungua, na F yao ikabaki juu. Ukiichora hii kwenye karatasi kwa mishale utaielewa kuliko nilivyoiandika.

SWALI: Mie baba wa watoto wawili, Kilifi. Kama protini hiyo inatumia zinki, je nikimpa mtoto wangu wa siko seli vile vidonge vya zinki wanavyopewa wakiharisha itamsaidia F ipande? Au nimnyime zinki ili hiyo protini ishindwe kufanya kazi?

JIBU: Baba, naomba yote mawili usiyafanye kwa lengo hilo. Zinki iliyoko kwenye kidole ni chembe moja imefungwa ndani na mwili unailinda sana, kumeza vidonge hakuongezi wala hakupunguzi vidole vya BCL11A. Na kumnyima mtoto zinki ni kumuumiza, kwa sababu mamia ya protini nyingine zinaitegemea, za kinga, za kukua, za kupona vidonda. Akiharisha mpe kama mlivyoelekezwa, siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, na kwa mtoto wa siko seli kuharisha ni jambo la haraka zaidi maana akikauka maji seli zinajikunja. Watoto wa siko seli wengi wana zinki ndogo mwilini, kwaiyo kliniki ikimwandikia mpe, ila hiyo ni kwa ajili ya afya yake ya jumla, haina uhusiano na kufungua gama.

SWALI: Asalaam aleikum. Nipo Muscat, wazee wangu wametoka Unguja. Kuna rafiki yangu wa mashariki ya Saudia ana siko seli ya SS kama mimi, yeye kaugua mara chache mno maishani, mimi kila mwaka nalazwa. Vipimo vinasema ugonjwa ni uleule. Tofauti ni nini?

JIBU: Waaleikum salaam, na pole sana. Ugonjwa ni uleule kweli, ila kosa la S linasafiri likiwa limezungukwa na kipande cha DNA cha jirani, na vipande hivyo vinatofautiana kwa asili za watu. Kipande kinachopatikana sana mashariki ya Saudia, kule Qatif na Al-Hasa, na India, kina herufi iliyobadilika kwenye promota ya gama mojawapo, nafasi ya 158, C imekuwa T, na wenye kipande hicho huwa wanabaki na F nyingi zaidi. Chetu cha Afrika mashariki na kati, ambacho wanasayansi wanakiita cha Kibantu, hakina hiyo, na F yake huwa ndogo. Oman vipo vyote viwili kwa sababu ya historia yenu na pwani yetu. Juu ya hapo kuna tofauti ndogondogo ndani ya jeni ya BCL11A zinazofanya mtu awe na F kidogo au nyingi, na ni hizo zilizowafikisha watafiti kwa BCL11A, walikuwa wanalinganisha DNA za watu wenye F nyingi na wenye F kidogo, majibu yakatoka 2007 na 2008, kisha maabara ya Stuart Orkin na Vijay Sankaran kule Boston wakaonyesha 2008 kwamba ukiipunguza hiyo protini kwenye seli za damu gama inarudi. Kabla ya hapo BCL11A ilikuwa inajulikana kwenye mambo ya saratani ya damu, hakuna aliyeihusisha na hemoglobini. Muulize daktari wako F yako ni asilimia ngapi, ni namba unayostahili kuijua.

SWALI: Kaka yangu yuko Uingereza kanitumia habari ya tiba ya kukata jeni inayoponya siko seli kabisa. Binti yangu ana miaka 9, tuko Kigoma. Nimeacha kumpa haidroksiurea kwa sababu naogopa ni dawa ya kansa, nikasema bora nisubiri hiyo. Nimefanya vizuri?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na nakuomba kwa moyo wote wiki hii urudi naye kliniki mkamwone daktari aendelee.

Habari ya kaka yako ni ya kweli. Dawa inaitwa Casgevy, Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanazikata kwa CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA, maabara, wanamrudishia. Na nataka uone walichokata kwa sababu inaungana na yote niliyoandika juu. Hawakuikata BCL11A yenyewe, mana inahitajika kwenye ubongo na kwenye seli za kinga, watoto wanaozaliwa na kopi moja mbovu ya jeni hiyo F yao inabaki juu kweli lakini wanachelewa kiakili. Walichokata ni swichi ndogo iliyo ndani ya jeni ya BCL11A ambayo inatumika kwenye seli zinazoelekea kuwa damu nyekundu peke yake, na mahali penyewe ni lile neno ambalo GATA1 anatua. GATA1 akikosa pa kutua, BCL11A inashuka kwenye damu nyekundu tu, NF-Y anarudi kwenye mlango wa gama, F inapanda. Protini moja yenye vidole imezuiwa kumuwasha mwingine mwenye vidole. Mgonjwa wa kwanza wa siko seli kuipata Marekani, Victoria Gray wa Mississippi, alitibiwa 2019, na kwenye majaribio yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kubwa la maumivu. Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, nikamkumbuka mdogo wangu.

Lakini iliruhusiwa kwa wenye miaka 12 kwenda juu, bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa anapewa dawa kali ya kusafisha uboho, analazwa wiki kadhaa, na uzazi unaweza kuathirika. Binti yako hawezi kukaa bila kinga miaka yote hiyo akisubiri.

Haidroksiurea ni kweli ilianzia kwenye kansa, ila kwa siko seli inatolewa kwa dozi ndogo kwa mpango na vipimo vya damu, na kazi yake kubwa ni kupandisha F. Kulikuwa na wasiwasi huohuo wako kwamba kwetu kwenye malaria na lishe duni itawadhuru watoto, ndo maana ulifanyika utafiti wa REACH, watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, majibu yakatoka 2019. Maumivu yalishuka kwa zaidi ya nusu, malaria ilishuka karibu nusu, kuongezewa damu kulipungua sana, na vifo vilitoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja. Hao ni watoto wa hukuhuku kwetu, wanaoumwa na mbu walewale.

Ukifika kliniki mwambie daktari ukweli kwamba uliacha na uliacha lini, usione aibu, asije akaanza na dozi kama vile alikuwa anameza kila siku. Watampima damu kwanza waone seli nyeupe na chembe sahani ziko wapi, watampima uzito, ndo wampangie. Na baada ya kuanza usikate tamaa mwezi wa kwanza, F haipandi kwa siku mbili, inachukua miezi.